Mgeni wa Shimo la Saba

Mjomba alifika getini saa tatu asubuhi, shati la kola amelichomeka, viatu amevipiga rangi. Miaka ishirini na miwili alikata nyasi za kiwanja hiki cha gofu, akiingilia geti la nyuma. Wiki iliyopita alistaafu, klabu ikampa zawadi: kadi ya mgeni, ya siku moja. Alitaka kitu kimoja tu, apige mpira kwenye shimo la saba, alilolichimba mwenyewe.

"Mlinzi, fungua," akaniambia, kama hanijui.

"Mjomba, mgeni haingii bila mwanachama wa kumpokea."

"Daktari wa meno kaniahidi."

Nikampa kiti changu. Saa nne ikapita, na saa tano. Magari yaliingia, vioo vimepandishwa. Nanyanyua kizuizi, nashusha kizuizi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema mjomba. "Wangu naona bado mahututi."

Saa sita daktari akapiga simu getini: ana wagonjwa wengi, labda mwezi ujao. Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia mjomba, meneja akaja mbio, viatu vinachuruzika maji.

"Afadhali upo, mzee. Bomba limepasuka shimo la saba, koki hawaioni. Zunguka geti la nyuma, upesi."

Mjomba hakuinuka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata kuingia sijaingia, mshanipa."

"Nyasi zinaharibika, mzee."

"Nifungulie hapa, nakuja."

Meneja akaitazama kadi, akayatazama magari. "Sheria unazijua." Akarudi alikotoka.

Maji tuliyasikia pale pale tulipo. Mjomba alifumba macho kama anayeng'olewa jino.

"Nenda wewe," akasema mwishowe. "Koki iko nyuma ya kibao cha Wanachama Tu. Ondoa jiwe, zungusha kulia, taratibu."

"Na geti?"

"Nitalilinda."

Niliporudi, koki nimeifunga, nimelowa hadi magotini, nilimkuta anamnyanyulia kizuizi mwanachama. Hakuwa amesogea hata hatua moja ndani.

"Maji yamezilaza nyasi?"

"Yamezilaza, mjomba."

"Mtu asizikanyage mpaka kesho."

Akachomoa shati, akashika njia ya nyumbani. Kadi aliiacha kwenye kiti. Ilikuwa bado na saa tano za kutumika.