Kinga Niliyoongezewa na Wifi

Wifi yangu ana mdomo, ana mkoba wa vidonge vya mitishamba, na haya hana. Tangu ahamie kwetu, kwake kila anayekohoa ana kinga ndogo ya mwili, na dawa anayo yeye.

Mimi kinga yangu si ndogo. Ni kali mno, na imenigeukia mwenyewe. Daktari alinieleza kwamba ndani ya utumbo kuna chembe za ulinzi. Zipo zinazopigana, na zipo zinazozituliza hizo: basi, hicho ni chakula tu, si adui. Kwangu za kutuliza zimezidiwa, ndiyo maana utumbo unavimba na kutoa damu. Vidonge vyake vya kushusha kinga vilinipa nafuu, nikarudi kwenye cherehani yangu. Ila alinionya kwamba ukiwaka tena, ataukata utumbo mpana, na choo kitatokea kwenye mfuko wa kubandikwa ubavuni.

Ukawaka. Nilikuwa nashona sare za shule, nikainuka na kuona damu kitini. Hospitalini daktari alimimina vidonge vya kichupa changu kiganjani, akavinusa.

"Hivi sikukupa mimi," akasema.

Wifi, aliyekuwa amekaa miguuni pangu, hata hakukunja uso. "Nilisoma karatasi ya dawa yako. Eti inashusha kinga. Nani mwenye akili timamu anamshusha kinga mgonjwa? Nikavimwaga chooni, nikamwekea vyangu vya kuiongeza. Lakini ndiyo hivyo, shukrani ya punda ni mateke."

"Umewapa silaha wanaonila," nikamwambia. "Toka. Nisikuone tena mpaka nazikwa."

Akatoka, mkoba kwapani, akisonya. Nikamgeukia mume wangu, ambaye ndiye aliyenipa kidonge na maji kila asubuhi.

"Nilikuuliza mbona rangi imebadilika. Ukasema duka la dawa limeleta vya kiwanda kingine."

Akatazama sakafu. "Dada alisema ukijua utagoma. Nia ilikuwa njema, mke wangu."

Nilimchukia pale pale, kwa moyo wote, na sijaacha.

Daktari akasema hakuna namna, kesho wananipasua. Akauliza nani atanihudumia nyumbani, ili muuguzi amfundishe kubadilisha ule mfuko. Mume wangu akainua mkono.

"Ushushe," nikamwambia. "Nifundisheni mimi."