Mikono ya Kishindo

Mjomba wangu hajui kuchora mkono. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana kila aliyeandika habari zake kalipita kando, na mimi nimechoka kukaa na donge hili kooni. Uso anajua kuchora, hilo simnyimi. Anajua ghorofa linaloporomoka, anajua moshi, joho linalopepea, basi lililokatika breki. Lakini mkono, huu mkono wa kawaida wa vidole vitano, ukimwagiza atakuletea fungu la karoti.

Sasa sikia maajabu. Shujaa wa katuni aliyempatia sifa, yule Kishindo anayejulikana hata na watoto ambao kwao hakuna kitabu, nguvu zake zote zimo mikononi. Kishindo hapigi ngumi. Ukuta ukianguka anaunyooshea kiganja, unasimama. Lori likiteremka mlima bila dereva, kiganja, linasimama. Mikono hiyo nani kaichora? Mama yangu. Yote. Miaka thelathini na minane.

Mama ni mdogo wake wa mwisho. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shule, na kila alasiri akirudi alikuta bahasha ya kaki juu ya meza ya chumba cha mbele. Ndani yake kurasa za mjomba, mashujaa na majambazi wote wamekatikia kwenye vifundo vya mikono, na pembeni maelezo ya penseli: "Hapa ampige ngumi ya taya." Mama alisoma, akasonya, akachukua ufutio. "Ngumi ni mkono uliofumba mdomo," aliniambia siku moja. "Hauna la kusema." Akamchorea Kishindo kiganja wazi, na jambazi mbele yake akaganda mguu mmoja juu. Mjomba alipouona ukurasa ule alifoka wiki nzima. Kisha barua za wasomaji zikaja magunia mawili, na kiganja kikageuka kuwa wazo la mjomba.

Tangu hapo nani tena achore shujaa wa kupiga ngumi? Ukimchora hivyo wenzako wanakuona mshamba. Mashujaa wote waliokuja baada ya Kishindo wanazuia, wanasimamisha, wanakinga. Na kuna jambo la kidole. Mama alikuwa akichora huku anautazama mkono wake wa kushoto alioulaza mezani. Kidole chake cha mwisho kimepinda kwa ndani, kilibanwa na mlango alipokuwa na miaka sita. Basi cha Kishindo nacho kimepinda. Na kwa kuwa cha Kishindo kimepinda, vya wengine wote vimepinda: yule mwanamke anayeruka mapaa, yule wa barafu, hata yule roboti wa juzi, chuma kitupu, kidole kimepinda! Vijana wanafundishana kwamba ukitaka nguvu ionekane, pinda kidole cha mwisho. Wanauiga mlango wa nyumba ya bibi yangu na hawana habari.

Jina la mama halikuwahi kuandikwa popote. Mwanzoni mjomba alisema subiri kwanza kitabu kishike moto. Kikashika. Akasema subiri toleo la kumi. Likapita. Baadaye hata kusema subiri akaacha.

Mwaka huu wachapishaji wakaamua kuzikusanya hadithi zote katika kitabu kimoja kinene, jalada gumu, cha kukaa kwenye maktaba hata sisi tukishakufa. Mimi ni fundi wa mabango. Kutwa nzima naandika majina ya watu: kinyozi huyu, duka la vipuri lile, daktari wa meno ghorofa ya pili. Nikajiuliza, majina ya watu wote hawa nimeyaandika kwa rangi ya mafuta, la mama yangu liko wapi? Nikavua aproni, nikaenda kwa mhariri na rangi zangu mikononi.

Mhariri ni mama wa makamo, miwani yake inaishi kichwani na kila baada ya dakika mbili anaitafuta mezani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada, nakuamini," akasema. "Macho ninayo. Nimepitia kurasa zote, ile mikono si ya mtu aliyechora zile sura. Lakini mkataba una sahihi ya mzee peke yake. Akitamka yeye, hata kwa mdomo, mbele ya watu, naliweka jina la mama yako palepale. Asipotamka, sina la kufanya. Na kitabu kinaingia mtamboni Jumatatu."

Nyumbani nilimkuta mama anamenya viazi. Nilidhani ataniambia niache, yaishe, damu nzito kuliko maji. Hakusema hivyo. Alimaliza kiazi alichokishika, akakitia kwenye sufuria.

"Nataka liandikwe," akasema. "Hata dogo. Hata chini kabisa pembeni. Lakini liandikwe."

Mama si mtu wa kusema nataka. Mimi mwanawe nilikuwa sijalisikia neno hilo kinywani mwake, na lilinichoma kuliko kama angelia.

Kesho yake nikamwendea mjomba. Alikuwa sebuleni kwake, chini ya picha zake mwenyewe, anapanga tai za kuvaa kwenye hafla ya Jumamosi, maana wachapishaji walikuwa wamemwandalia siku ya heshima.

"Mpwa wangu, mbona umefura hivyo?" akaniuliza. "Kaa kwanza. Hii ya buluu au hii ya mistari?"

"Mjomba, sikuja kwa ajili ya tai."

"Najua ulichokuja nacho. Mhariri kanipigia. Kwani mimi na mama yako si tumenyonya ziwa moja? Nani amjuaye kuliko mimi? Jumamosi nitasimama, nitasema kila kitu. Watu wote watasikia. Umeridhika?"

"Utasema mikono kachora nani?"

"Nitasema, mama. Nimekwisha kuapa."

Aliniita mama, akanishika bega, akanipa na juisi. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nami, mjinga, nikaondoka nameremeta. Nikamwambia mama atasema. Mama akatoa gauni lake la kijani kabatini, akalipiga pasi mara mbili.

Hafla ilikuwa katika ukumbi wa maktaba, saa kumi alasiri. Viti mia mbili vimejaa na wengine wamesimama ukutani. Vijana wachora katuni walikuja na madaftari yao, baadhi wamevaa majoho. Jukwaani kuna ubao mkubwa mweupe umebandikwa karatasi, na kikombe cha kalamu nene nyeusi. Tulikaa safu ya tatu. Mhariri alikuwa mbele yetu, miwani kichwani.

Alianza mtaalamu. Sijui ni mtaalamu wa nini, ila alikuwa na kurasa kumi na tisa na alizisoma zote. Akaeleza jinsi mjomba alivyobadilisha hadithi za mashujaa, alivyowatoa kwenye ngumi akawaleta kwenye kiganja, falsafa ya kukinga badala ya kuumiza. Akafika kwenye kidole. Kidole kilichopinda, akasema, ni nguvu inayojizuia, ni unyenyekevu wa mwenye uwezo. Vijana wakaandika. Mama alikuwa ameiweka mikono yake mapajani, na kile kidole chenyewe kimetulia pale juu ya gauni la kijani, mita tano tu kutoka kwa mtaalamu.

Akapanda mjomba, tai ya mistari. Akashukuru wachapishaji. Akashukuru wasomaji, mwalimu wake wa darasa la tatu, marehemu mkewe, daktari wake wa macho. Alimshukuru hata fundi umeme wa ukumbi! Nilikuwa nahesabu kila jina, na kila lilipotoka jina lisilo la mama niliuma meno. Akamaliza. Akainama. Watu wakapiga makofi.

Mama hakupiga. Wala hakunigeukia.

Kijana mmoja wa joho jekundu akapaza sauti: "Mzee, tuchoree Kishindo!" Ukumbi mzima ukaitikia. Mjomba akacheka, akachukua kalamu, na kwa kweli dakika tatu hazikuisha Kishindo akawa yuko pale, kidevu, mabega, joho lote linapepea, mikono miwili imenyooshwa mbele. Imenyooshwa hadi kwenye vifundo. Akaifunika kalamu.

"Mikono, mzee!" wakaanza. "Mikono! Mikono!"

Walikuwa wanataka kwa mapenzi tu, maskini, hawakujua wanamkaba mtu koo. Mjomba akafikicha macho. "Macho haya ya uzee," akasema kwenye kipaza sauti. "Mdogo wangu yule pale. Njoo, dada, nisaidie kidogo."

Nisaidie kidogo! Nilitaka kusimama, mama akanikandamiza goti, akasimama yeye. Akapanda ngazi za jukwaa bila kushikwa mkono. Akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya ubao, akautazama, akachora. Hakufuta mahali. Mistari kumi na mitano, labda ishirini, na kiganja cha kushoto cha Kishindo kikatoka kwenye karatasi kuwazuia watu wa safu ya mbele. Makofi yakalipuka.

Mtaalamu akasogea karibu na ubao, akavaa miwani. "Mnaona?" akasema. "Kamwiga kaka yake barabara! Hata kidole."

Hapo nikasimama. Kama kuna aliyesema nilipiga kelele, kasema kweli. "Kitazameni kidole chake!" nikawaambia. "Chake yeye! Kilibanwa na mlango akiwa mtoto, kabla Kishindo hajazaliwa! Nani kamwiga nani?"

Watu wakakitazama. Walikiona, kiko pale juu ya ubao. Na yule mtaalamu, Mungu anisamehe, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Ushawishi wa ajabu," akasema. "Umefika hadi ndani ya familia. Hata dada yake anakunja kidole kama Kishindo."

Wakacheka. Watu mia mbili wakamcheka mama yangu kwa upole, kwa upendo, jinsi mtoto anavyochekwa kwa kuvaa viatu vya baba yake. Sijawahi kuchukia kicheko namna ile. Nilitamani ukuta wa maktaba uanguke na asitokee shujaa wa kuuzuia.

Mhariri ndiye aliyeinuka. Miwani aliishusha machoni, na sauti yake ilikuwa kavu. "Mzee, nina kitabu Jumatatu. Nakuuliza hapa mbele ya watu. Mikono ya Kishindo, miaka yote hii, kachora nani?"

Kicheko kikaisha. Mjomba akamtazama mhariri, akawatazama wale vijana wenye majoho, akamtazama mama. Nilimwona. Neno lilifika hadi mdomoni. Alikuwa na nafasi ya kulisema na kuwa mtu mzima, na nina hakika wangempigia makofi zaidi.

"Mimi," akasema. "Huyu nilimfundisha mwenyewe, tangu yuko mdogo. Ndiyo maana mnaona anaweza."

Watu wakamshangilia. Kaka mwema, kamfundisha dada yake! Nilikuwa nimekwisha kutoka kwenye safu niende nikaing'oe ile tai, shingo na yote. Lakini mama alikuwa amekwisha kumgeukia.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, kaka?"

"Si unakumbuka?" mjomba akasema, anacheka cheka. "Pale nyumbani."

"Basi samahani, mwalimu. Nimekufanyia nusu ya kazi," mama akasema. Kipaza sauti kilikuwa katikati yao na kila neno lilisikika hadi mlangoni. Akampa kalamu. "Umebaki mkono wa kulia. Malizia."

Mjomba hakuipokea. Mama hakuishusha. Alisimama nayo hivyohivyo, kwa adabu, kama mdogo anavyompa mkubwa wake kitu, na ilimlazimu mjomba aipokee.

"Mzee! Mzee! Mzee!" vijana wakaimba.

Akageukia ubao. Akagusa karatasi, akaondoa kalamu. Akavuta mstari, ukawa mrefu mno kwa kidole gumba, akauongezea mwingine. Akaweka gumba upande usio wake. Akaongeza vidole, na vijana wakawa wanaimba, kisha wachache wanaimba, kisha yule wa joho jekundu peke yake, kisha hata yeye akafunga daftari. Mtaalamu alikuwa anatafuta kitu katika kurasa zake kumi na tisa. Mjomba alikuwa anatokwa jasho, na naapa sikumhurumia hata kidogo.

Mhariri akapanda jukwaani. Alipita nyuma ya mgongo wa mjomba bila kumsemesha, akafungua mkoba, akatoa kalamu na kipande cha karatasi.

"Mzee katamka kwa mkono, mbele ya watu. Jina lako linaandikwaje, mama?" akauliza. "Nataka niliandike sawasawa."

Mama akakivuta kipaza sauti karibu. Akalitaja jina lake kamili, kisha akaanza kulitaja herufi moja moja, polepole, kama anavyoagizwa mpiga chapa, na kaka yake pale ubaoni anaongeza kidole cha sita.