Kuku wa Jumamosi

Kuku wangu walikuwa kumi na wanne, wote wa kienyeji, na kila mmoja nilimfunga utepe mwekundu mguuni kwa mkono wangu. Hapa Chanika kuku wa watu wote wanazurura pamoja, usipoweka alama utagombana na mtaa mzima. Kufikia Sabasaba walibaki tisa.

Kicheche angeacha damu. Mwewe hubeba vifaranga, jogoo hamwezi. Mwizi naye angekomba banda zima, asingenichukulia mmoja mmoja kama anayechagua nyanya sokoni. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na tano, na mtoto aliyeiba penseli ya mwenzake nilimjua kwa kumtazama tu. Nikaanza kuandika siku. Wote walipotea Jumamosi, siku ambayo asubuhi naenda sala ya jumuiya, kisha tunatembelea wagonjwa, narudi alasiri. Nyumbani anabaki mume wangu, Projestus, kwenye kiti chake barazani.

"Umeona nani kaingia hapa?" nilimuuliza.

"Sijaona mtu."

Sikumbana. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumpotea. Aliweza kukutajia wenzake wote wa seminari, lakini asijue kama amekunywa chai. Mimi nilikuwa namsahihisha, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Akisema leo Jumanne, namwambia Alhamisi. Akiuliza mbona Rogers amechelewa, namkumbusha kwamba mtoto wetu Rogers aligongwa akiwa kwenye pikipiki, huu mwaka wa nne. Alilia kila mara, kwa sababu kila mara ilikuwa habari mpya kwake. Nami nilidhani namsaidia.

Jumatatu moja nilikwenda kumwaga takataka upande wa jirani yetu, Mzee Mfaume. Shimoni kwake kulikuwa na manyoya, na katikati ya manyoya niliziona tepe zangu tatu.

Ningetulia dakika moja tu ningejua pa kuanzia. Mzee Mfaume ndiye mchinjaji wetu tangu tuhamie. Sisi Wakristo wa mtaa huu tukiwa na wageni hatuchinji wenyewe, kuku anapelekwa kwa jirani Mwislamu, ili yeyote atakayeingia ale bila kuuliza. Kuku wa kipaimara cha Rogers alichinja yeye. Rogers alipofariki, yeye ndiye aliyelala na mume wangu kwenye mkeka siku zote za msiba. Lakini hasira ilikuwa imeshanipanda kichwani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Noela, mjumbe wetu wa shina, na jioni ile, mbele ya majirani, nikamnyooshea kidole mzee wa watu.

"Mwizi wangu huyu hapa! Tepe zangu ziko shimoni kwake."

Mkewe, Bi Mwajabu, alitaka kusema kitu, Mzee Mfaume akamshika mkono.

"Ni kweli, hao kuku nimewachinja mie," alisema. "Yaliyobaki nitamwambia Mama Rogers peke yake. Si maneno ya mkutanoni haya."

"Sema hapa hapa!"

"Siwezi, mama. Kama ni mwizi, basi acha niwe mwizi."

Akaondoka na jina hilo mgongoni. Bi Mwajabu hakwenda naye. Alinifuata kwa hasira hadi getini kwangu.

"Anayewaleta ni mumeo," alisema. "Kila Jumamosi anakuja na kuku kwapani. Anasema, nichinjie, Rogers anakuja. Mara ya kwanza mzee alitaka kumrudisha kwako. Baba Rogers akamwomba asikwambie. Alisema ukijua, utamuua tena mtoto."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Basi sie tunafanyaje? Mzee anachinja, mie napika, tunamwekea Rogers sahani yake. Wanakaa wanamsubiri. Baba Rogers anasimulia vituko vya mwanawe, anacheka mpaka anakohoa. Ikiadhiniwa adhuhuri anasema labda kijana kapata dharura, atakuja wiki ijayo. Anaaga, anarudi kwake."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Aibu ya kumsingizia Mzee Mfaume iliniunguza, lakini kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi. Miaka minne sikuwahi kumsikia mume wangu akicheka. Kumbe alikuwa anacheka, ukuta wa pili, mahali ambapo mimi sipo.

Kesho yake nilimwomba Noela awaite wale wale. Nilipiga magoti mbele yao, nikasema Mzee Mfaume hajaniibia hata unyoya, mkosaji ni mimi. Sababu sikuitaja, naye hakuitaja.

"Yameisha, mama. Simama," alisema. Najua wapo watakaoendelea kumwona mwizi, na neno hilo nimelitoa mimi.

Jumamosi iliyofuata sikwenda jumuiya. Nilimkamata tetea mnono, nikampelekea Projestus barazani.

"Baba Rogers, twende kwa Mzee Mfaume akatuchinjie. Tuna mgeni."

Alimtazama kuku, akanitazama mimi. "Mgeni gani?"

"Rogers. Rogers anakuja leo."

Nilitaka kulisema kwa furaha, na nadhani nilitabasamu. Projestus hakutabasamu. Alikaa wima kwenye kiti, akaweka mikono yote miwili magotini, kama watoto wa darasa la pili nilipokuwa naingia na fimbo.

"Hapana, Mwalimu," alisema. Tangu tuoane hajawahi kuniita hivyo. "Rogers alikufa. Tulimzika."

Kisha akanitazama usoni, akisubiri nimwambie kama amepata.