Kuuliza Mara ya Pili

Nimekuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo nimewafokea madaktari, waume za watu na, mara moja, jenereta. Kwa hiyo alipokuja yule mshauri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na daftari lililofungwa kwa mpira, sikuona kwa nini yeye akose fungu lake.

Shirika letu la madaktari lilimtuma kutushauri mambo mawili: jinsi ya kuwakinga wagonjwa wasidhurike kwa sababu ya kutibiwa kwetu, na jinsi ya kuwasemea kwa wakubwa. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ubao wangu wa wodi ya wazazi, wenye jina la kila mama na tatizo lake. Akatoka nje, akachungulia dirishani, akarudi. "Mama, nimeusoma wote kutoka barabarani," alisema. Niliufuta mwenyewe huku nimevimba. Siku ya pili akataka chumba cha mazungumzo kiwekwe mlango. Kila tulipotaka kukimbilia jambo, yeye alisema "subiri kidogo". Wauguzi wakambandika jina la Bi Subiri, na likamkaa.

Tatizo letu kubwa lilikuwa daraja. Ng'ambo yake kulikuwa na kizuizi cha askari, na gari letu la wagonjwa lilipangishwa foleni pamoja na malori. Wajawazito walinifikia wamechelewa, wengine mno. Mmoja wao alikuwa mwanamke tuliyezoea kumwita Mama Sabuni kwa biashara yake. Alishikiliwa pale saa nne nzima, na mtoto wake akamfia tumboni hatua chache tu kutoka kwenye mikono yangu. Nilimtoa mimi. Mpaka leo siwezi kulisimulia hilo nikiwa nimesimama.

Bi Subiri alipopata miadi na mkuu wa vikosi wa eneo lile, Mama Sabuni alikubali kisa chake kisomwe, pamoja na jina lake. Nilifurahi kuliko wote, na sifichi sababu. Binti yangu, kitinda mimba wangu, aliolewa ng'ambo ya daraja, na tumbo lake lilikuwa limetimiza miezi tisa. Mimba ya kwanza, na mtoto ametanguliza matako. Mimi nilivuka kila Jumapili kwa kibali cha kazi kwenda kumpima, lakini kumleta kwangu mapema haikuwezekana: waliruhusiwa wafanyabiashara na wagonjwa tu, na mjamzito ambaye hajashikwa na uchungu, kwa askari wale, hakuwa mgonjwa.

Asubuhi ya miadi Mama Sabuni alikuja kliniki. Bi Subiri akamwingiza kwenye kile chumba chenye mlango, akamuuliza upya. Walitoka baada ya nusu saa, na Mama Sabuni akanipita bila kuniangalia.

"Amekataa," Bi Subiri alisema.

"Si alishakubali? Si aliweka na dole gumba?"

"Ndiyo maana nauliza mara mbili, Mama. Mara ya kwanza mtu anajibu kwa uchungu. Mara ya pili anajibu akikumbuka nyumba yake iko wapi. Yeye anapita pale kila siku na beseni lake, na ana watoto watatu wanaokula kwa beseni hilo."

"Na binti yangu je? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Wewe kazi yako kuuliza tu, nenda kauze maswali sokoni!"

Wauguzi waligeuza nyuso. Yeye aliniacha nimalize. "Una haki ya kunikasirikia," alisema, kisha akautoa kwenye jalada ule ukurasa wenye kisa cha Mama Sabuni na kuuchana vipande vidogo vidogo. Nilimchukia, nasema kweli. Na bado ilinibidi nipande naye gari, maana mimi, mkuu wa wodi, nilitakiwa kuwepo.

Yule mkuu wa vikosi alikuwa mtu wa adabu, jambo lililonikera zaidi. Alituagizia chai. Bi Subiri akamweleza taratibu: miezi mitatu, safari kumi na saba za gari la wagonjwa, na iliyopita haraka kuliko zote ilisubiri saa moja. Hakumlaumu mtu. Afisa alisikiliza huku anazungusha kalamu.

"Namba anaweza kuandika yeyote," alisema. "Nipeni jina moja. Mwanamke mmoja tu aliyecheleweshwa. Nikilipata, leo hii natoa amri."

Jina moja tu! Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umeshainuka. "Yupo mmoja," nikasema. Afisa akavuta karatasi.

"Afande, tunaomba dakika tano nje," Bi Subiri akasema.

Tulisimama ukumbini karibu na ndoo ya maji ya kunywa. Nilitegemea anikaripie, na nilikuwa na majibu tele. Hakunikaripia.

"Siwezi kukuziba mdomo, Mama. Ukirudi ndani ukalitaja, limetajwa. Nakuomba ujue jambo moja tu. Sisi tutapanda gari tuondoke. Yeye kesho asubuhi atafika pale kizuizini na beseni lake."

"Na binti yangu?"

"Namfikiria tangu uliponiambia. Sina jibu la binti yako. Ningekuwa nalo ningekupa."

Nimefanya kazi na wakubwa wengi wa ofisini, na huyo alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba hana jibu. Hasira iliniishia palepale, nikabaki na woga mtupu. Nikaona aibu pia. Nilikuwa tayari kumtoa kafara mwanamke ambaye nilimshika mkono siku ile, ili wangu apone.

"Basi aandike jina langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyewapokea wote."

"Wewe nawe unavuka pale. Wanaweza kukunyang'anya kibali, na binti yako usimwone tena mpaka mambo haya yaishe. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Akachota maji kikombeni, akanipa. "Kunywa kwanza."

Nikanywa yote.

"Sasa nakuuliza mara ya pili."

Nilitamani kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. "Ndiyo," nikasema. "Bado ni ndiyo."

Ndani nilimtajia afisa jina langu herufi kwa herufi, na cheo changu. Nikamweleza nilichopokea kwa mikono hii bila kumtaja mtu yeyote kwa jina: mtoto aliyechoka kusubiri anakuwa na rangi gani, ana uzito gani ukimwinua, na mama yake anauliza nini. Nilisema yote nikiwa nimeishika meza.

"Huogopi?" aliuliza.

"Naogopa sana, afande. Nina binti ng'ambo, siku zake zimetimia."

Aliitazama chai yake. Hapo ndipo Bi Subiri alipofungua jalada na kutoa karatasi nyingine. "Tumekuandikia rasimu, afande, tukupunguzie kazi." Ilikuwa mistari mitatu. Gari la wagonjwa lisipange foleni. Likaguliwe papo hapo. Dereva apewe namba ya simu ya afisa wa zamu. Hapakuwa na neno hata moja la lawama. Afisa akafuta neno moja na kuweka lake, kama wafanyavyo wakubwa, akasaini.

"Hili nilikuwa nalipanga siku nyingi," alisema.

"Ndivyo tulivyosikia, afande," Bi Subiri akajibu, uso mkavu kabisa. Niliuma mdomo nisicheke.

Garini nikamwambia, "Wewe ni mwongo wa kutupwa."

"Nimemwachia njia ya kukubali bila kushindwa."

Nikamwomba radhi kwa maneno ya asubuhi. Akanipiga jicho la pembeni. "Subiri kidogo, Mama. Kizuizi chenyewe hakijafunguka."

Kilifunguka. Siku ya tano, saa sita mchana, gari letu lilimleta binti yangu akiliita jina langu kwa kelele tangu getini. Mtoto alitanguliza matako kweli, akatuhangaisha, akatoka msichana mwenye hasira zangu zote. Nilimlilia Bi Subiri begani mpaka nikalilowesha gauni lake, naye alisimama tu, akanivumilia.

Wiki iliyofuata Mama Sabuni alikuja kliniki akanikuta nimempakata mjukuu. Akaomba kumshika. Nilimpa bila kumtazama usoni, maana hakujua kwamba jina lake lilishafika kwenye ncha ya ulimi wangu likarudishwa. Alimtazama vidole, kimoja kimoja.

"Pale darajani walikaa sana?" aliuliza.

"Dakika mbili."

"Dakika mbili," alirudia. Akamfunika mtoto vizuri kichwani, akaendelea kumtazama. "Kumbe ilikuwa inawezekana."