Mgongo wa Kalipa

Ngumi ya kwanza ilinipata nikiwa katikati ya neno "rimu." Niliangukia pipa la mafuta machafu, nikaona gereji nzima ikizunguka: jeki, matairi, na gari la marehemu Baba limeinuliwa mbele, magurudumu mawili yametolewa.

"Sema tena," kaka yangu alisema.

Watu humwita Sleji, ile nyundo kubwa, kwa jinsi anavyopiga. Mimi huniita Digrii, na hawanisifu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya uhandisi miezi mitano tu nyuma, nikaja kufanya kazi kwake nikiamini kwamba mtu akielezwa jambo kwa upole, hatua kwa hatua, ataelewa. Kwa hiyo niliinuka, nikafuta mdomo, nikasema tena.

"Seti kubwa haiingii kwenye rimu za Baba, Kaka. Chukua ndogo."

Ya pili ilinipata sikioni.

Muuza vipuri alikuwa ameketi juu ya tairi akimenya karanga. Asubuhi hiyo alituletea seti mbili za kubadilisha breki za ngoma kuwa za diski, tuchague moja. Katika boksi kubwa mlikuwa na diski pana kama sinia na kalipa zake, yale mataya ya chuma yanayoibana diski, kila moja nzito kama kichwa cha ng'ombe. Za boksi dogo zilikuwa za wastani, hazina madoido.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema, akatema ganda. "Mimi jembe sina, nina karanga. Endeleeni tu."

Miaka mitatu nyuma Baba alikuwa akishuka mteremko ulio nyuma ya mji, Mama kando yake. Zile breki za ngoma, zilizofungiwa ndani ya bakuli la chuma, zilipata moto zikaacha kushika. Gari lilivunja kingo, likabingirika mara nne. Usukani ulimponda Baba kifua. Mama walimtoa dirishani ametapakaa damu, na nyingi haikuwa yake. Tangu siku hiyo hajapanda gari lolote kushuka mteremko ule.

Kaka alilinyoosha gari lile bati kwa bati. Rimu nne za inchi kumi na tatu, ambazo Baba alizisugua mpaka ukaweza kuzitumia kama kioo cha kunyolea ndevu, zilisalimika, na Kaka aliapa hazitatoka. Na siku hiyo, saa tisa alasiri, baada ya kubembelezwa kwa miezi, Mama alikuwa amekubali kupanda.

"Breki ndogo ndiyo iliyomuua Baba," Kaka alisema.

"Si udogo, ni joto. Diski iko wazi, inapigwa na upepo, inapoa. Hata ndogo..."

"Hata ndogo! Mama yangu nimpakie kwenye 'hata ndogo'?"

"Mama yetu."

"Basi kama ni yetu, nyamaza."

Alifunga kalipa kubwa, akapachika rimu. Ikagota. Zilikosekana milimita nne. Mtu mwingine yeyote angebadilisha rimu au angechukua boksi dogo. Kaka hakuweza kumgusa Baba wala hakuweza kukubali kitu kidogo, kwa hiyo alichukua grenda ya kukatia chuma akaanza kuikata breki yenyewe.

Cheche zilimwagika hadi mlangoni. Alikuwa akipunguza mgongo wa kalipa, pale juu.

"Kaka, hapo sipo!" nilipiga kelele. "Ukikanyaga pedali, kalipa inataka kupanuka kama taya la fisi. Mgongo huo ndio unaoizuia isipasuke!"

Hakusikia, au alisikia. Nikachomoa waya ukutani.

Alinikamata shingo kwa nyuma, akanibamiza uso kwenye boneti. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu jino lilitoka, nikalisikia likigonga sakafu kabla sijasikia maumivu. Nilimng'ata mkono kwa meno yaliyobaki. Alinipiga goti tumboni, nikatapika chai.

"Mtauana," muuza vipuri alisema. Karanga alikuwa ameziacha.

Kaka alirudisha waya, akamaliza ya kushoto, akamaliza ya kulia. Alizifunga zote mbili. Akavika rimu ya kushoto, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka kimya, karibu na chuma kama shavu na wembe. Hapo uso wake ulifunguka. Alinifuata nilipokuwa nimejikunja, akanifuta damu kwa kitambaa chake mwenyewe, polepole, kama alivyokuwa akinifuta kamasi tukiwa wadogo.

"Umeona, Digrii? Imeingia."

Mama alifika saa tisa kasoro, amevaa viatu vyake vizuri, mkoba kifuani. Alinitazama usoni.

"Nani?"

"Kaanguka," Kaka alisema.

Kofi la Mama shavuni mwake lilisikika mpaka barabarani. Kisha akanizaba na mimi. "Na wewe, kwa kuanguka." "Nimetembea njia nzima nikijipa moyo. Nisipopanda sasa sipandi tena." Akafungua mlango, akaingia kiti cha mbele, akafumba macho.

"Mama, shuka. Breki hizo..."

"Digrii!" Kaka aliokota spana ya magurudumu. "Neno moja tena."

Niliona maneno yamekwisha. Sikuwahi kumpiga mtu wala mnyama. Nilichukua nyundo kubwa iliyoegemea ukuta, nikaenda upande wa kulia, ambako kalipa ilikuwa bado wazi, nikaipiga kwa nguvu zote za mwili wangu. Gari lilitikisika. Mama alipiga yowe. Nikainua tena, na spana ikanishukia begani. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Nilipiga pigo la pili kwa mkono mmoja, nikianguka.

Kalipa ilipasuka pale pale alipokata.

Kaka alikuwa ameinua spana kwa ajili ya kichwa changu. Mama ndiye aliyefika kwanza. Alipiga magoti penye mafuta na damu, akaokota kipande, akakipima ukingo wake kwa kucha.

"Hiki ndicho ulitaka kinishikilie?"

Kaka alitazama kile kipande. Spana ilimtoka. Akainyakua nyundo mkononi mwangu, nikajifunika kichwa, lakini alizunguka kushoto. Akaing'oa rimu, akaipiga kalipa. Pigo moja. Hii nayo ilipasuka, mstari ule ule. Akaendelea kupiga chuma kilichokwisha kufa, tena na tena, mpaka mpini ukakatika, kisha akapiga ngumi ukutani mpaka vifundo vikachanika. Hakuna aliyemshika. Alipochoka aliketi chini, akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya mazishi.

Muuza vipuri alisukuma boksi dogo kwa mguu mpaka likamgusa Kaka goti.

Nilirudi kutoka hospitali jioni hiyo bega limefungwa, nikamkuta Mama bado yupo, mkoba kifuani, akisubiri. Kaka alikuwa akifunga seti ndogo kwa vidole vilivyovimba. Hakuniangalia.

"Soma," alisema, akinisogezea karatasi ya maelekezo. "Soma polepole. Neno kwa neno."

Nikasoma, pengo likipiga filimbi kila penye herufi "s." Mara mbili alisema, "Rudia hapo."

Kesho yake, saa tisa, tulishuka mteremko. Mama alikaa nyuma, mimi mbele. Karibu na kingo iliyozibwa kwa saruji mpya, Kaka alikanyaga. Gari lilisimama papo hapo, mkanda ukanikata bega mpaka nikapiga kelele. Rimu za Baba hazikuteleza hata kidogo.

"Nimeamini," Mama alisema nyuma. "Mara nyingine, taratibu."

Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi. Kaka alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mguu bado uko kwenye pedali.

"Kaka, limesimama," nilimwambia. "Unaweza kuachia."

"Bado," alisema.