Sahani za Mtaa Mzima

Shangazi alitia ngumu tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyekabidhiwa jiko la harusi, na jiko lake halijawahi kuaibika.

"Watu wote wale walishwe kwenye sahani za kuazima? Mwanangu, unaolewa au unafungua mgahawa?"

"Naolewa, shangazi. Ila sahani za plastiki za kutupa haziingii kwenye harusi yangu."

Kazi ya bibi harusi huyu ni kuzibua mitaro. Wenzake wanamwita Koleo, kwa kuwa akishaingia matopeni hatoki mikono mitupu. Kila Jumatatu huinamia mtaro wa nyuma ya ukumbi wa sherehe na kuvuta sahani za kutupa zilizogandamana na mchanga, bado zina mafuta ya karamu. Na mtaro ule ukifura, maji hayawafuati waliokula. Yanashuka bondeni, kwenye chumba alichopanga yeye. Mvua zilizopita aliamka godoro limelowa chapachapa. Hapo ndipo alipokula kiapo: hatakwenda kuzibua mtaro akakuta harusi yake mwenyewe imo humo.

Shangazi akakubali shingo upande. Sahani zikikamilika uani kufikia Ijumaa mchana, sawa. Wenyewe wakianza kuzirudisha makwao, "nampigia muuzaji wa zile za kutupa, na usinitolee macho."

Koleo akapita mlango kwa mlango. Majirani walimcheka kwanza, kisha wakamtolea. Kila nyumba ilitia alama yake chini ya sahani kwa rangi ya kucha: huyu nukta, yule mstari, mwingine umbo la jani, ili sherehe ikiisha kila mtu achukue chake bila maneno.

Ijumaa asubuhi alikwenda kazini, akamwachia mchumba wake kazi ya kuziosha. Mchumba ni fundi rangi wa magari, na anaitwa Msasa kwa sababu hawezi kuona doa akalipita. Koleo aliporudi, sahani zilikuwa zimepangwa uani zikimetameta, na Msasa amesimama katikati yake anatabasamu.

"Umeziosha kwa kitu gani? Mbona kunanuka gereji?"

"Kwa sabuni. Ila chini zilikuwa na madoa ya rangi, mengine mekundu, mengine zambarau, sijui watu wanaziweka wapi. Nikayatoa kwa tina, ile ya kuchanganyia rangi, halafu nikaosha upya."

Koleo akageuza sahani moja. Nyeupe. Akageuza nyingine. Nyeupe pepepe.

"Msasa, yale madoa ndiyo majina ya wenyewe."

Tabasamu likamkauka. Shangazi, aliyekuwa mlangoni, alicheka hadi akashika nguzo. Kisha akatoa simu.

"Tumejaribu, mwanangu. Wakisikia watakuja kuzoa, kila mmoja akidai zote ni zake."

"Usipige kwanza."

"Sasa utafanyaje, uzihoji sahani?"

"Nawaita wenyewe. Wasikie kwangu kabla hawajasikia kwa mwingine."

Akapita tena mlango kwa mlango, safari hii uso umemwiva kwa aibu. Punde ua ukajaa. Mama Duka, mwenye duka la kona, akashika kiuno mbele ya Msasa.

"Huyu ukimwachia mtoto amwogeshe, si atamfuta hata nyusi?"

Watu wakaangua kicheko, Msasa naye akacheka kwa kujilazimisha. Kisha kazi ikaanza. Jirani mmoja mshonaji alizitambua zake chache kwa maua ya ukingoni. Mzee mmoja mlinzi alitambua yake yenye ufa. Lakini zile nyeupe tupu zilibaki rundo, na Mama Duka na mshonaji wakajikuta wameshika sahani moja, huyu huku, huyu kule.

"Hii yangu."

"Imeandikwa wapi?"

"Iliandikwa. Shemeji kaifuta."

Shangazi akaanza kubonyeza simu. Koleo akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Jamani, nisikilizeni. Hizi zisizojulikana, naomba zisirudi kwa mtu yeyote. Ziwe za mtaa. Atakayeoza mtoto, atakayefiwa, azichukue, aoshe, arudishe. Na anayeona amedhulumiwa, kesho zawadi zangu za vyombo zitafunguliwa hapahapa. Achague yeye kabla yangu."

Msasa akamtazama. Hili hakuambiwa.

"Kabla yetu," akasema.

Mama Duka akaiachia ile sahani. "Zawadi zako kaa nazo, mtakuja kula kwenye magazeti. Ila hizi za mtaa zitawekwa kwa nani?"

"Kwako. Kwako hata moja haitapotea."

"Hilo kweli," akasema mshonaji, akaiweka sahani juu ya rundo. "Huyu hata akikupa maji ya kunywa anakukumbusha urudishe glasi."

Shangazi akalitazama rundo, akaitazama simu, akaitumbukiza mkobani. Hakusema ameshindwa, si mtu wa kusema hivyo. Alipitisha kidole kwenye sahani ya juu kabisa, akakinusa, asipate la kulalamikia.

"Na vikombe?" akauliza. "Au wageni watakunywa kwa viganja?"

Vikombe Koleo hakuwa amevifikiria hata kidogo. Akashuka kwenye ndoo, akachukua beseni kubwa, akampa Msasa ashike upande mmoja.

"Twende," akamwambia, na wakaanza na nyumba ya kwanza.