Fundo la Mwewe

"Hili nini?" aliuliza Mzee Nasor.

"Anga," akajibu Evarista.

"Na hili?"

"Anga. Hapo pembeni kuna mkia."

Mzee Nasor akaisogeza picha karibu na pua, akautafuta mkia, akaupata. Akazipanga picha zote kumi na mbili juu ya kaunta kama mtu aliyegawiwa karata mbovu, kisha akamtazama binti huyu wa Masasi. Miaka mitatu binti huyo alikuwa kwenye chumba cha giza cha studio ya mzee ya Mtaa wa Sikukuu, akisafisha picha zilizopigwa na mwingine.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi moja ya mjini ilitaka picha ya kutia kwenye kalenda: ndege wa porini, yuko angani, mbawa wazi. Mzee Nasor, ambaye magoti yalishamgomea, akamtuma Evarista. Akileta ndege anayeeleweka, atatoka gizani na kuanza kupiga picha za harusi. Asipoleta, arudi kwenye beseni zake. Na mwaka ule mikanda ya kamera ilikuwa adimu kama sabuni. Mmoja mzima ndio huo, umekwenda na anga tupu.

"Ananiponyoka, mzee. Kiooni namwona anaenda kushoto, nageuza kamera kushoto, hayupo."

Mzee Nasor akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kamera yake ilikuwa ya macho mawili, ile unayoishika kifuani na kuichungulia kwa juu, na kioo chake hupindua mambo: anayekwenda kulia huonekana anakwenda kushoto. Alikuwa ameizoea miaka ishirini na nane, hata akasahau kwamba kuna la kumwambia mtu.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Wateja wangu wanakaa kwenye kiti, mwanangu. Sijawahi kumpiga anayekimbia." Akamsukumia kamera. "Mkanda uliomo umebakiza picha nne. Nane ni za watu wa vitambulisho, wanazingoja tangu Jumatatu, kwa hiyo usije ukaniangushia baharini. Na usiniletee kunguru. Nani atamtaka kunguru ukutani mwaka mzima?"

Evarista akachukua kamera. Akachukua na kamba. Kamba hiyo ilikuwa na mafundo matatu: la kitambulisho, la nusu mwili, na la familia. Unaifunga kwenye kamera, unaivuta mpaka puani mwa mteja, na fundo linakuambia lenzi uiweke kwenye namba gani uso usije ukatoka na ukungu.

Kesho yake, jua likiwa bado chini, alikuwa Feri, kwenye soko la samaki kando ya bahari. Josepha, mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki pale na kuwapara mwenyewe, alimwona tangu mbali.

"Umerudi, ndugu mpiga mawingu?"

"Nimerudi, dada. Shikamoo. Hawa mwewe wanakujaje?"

"Marahaba. Wanafuata vya bure, kama shemeji yangu."

"Nauliza wanatokea upande gani."

Josepha akaonyesha kwa kisu. "Mwewe hashuki huku upepo unamsukuma mgongoni. Anashuka akiukabili. Wewe upe upepo mgongo, atakujia kifuani."

Evarista akalifikiria hilo. Anayekuja moja kwa moja hana kulia wala kushoto. Kioo kitampinduaje?

Akavuta kamba hatua nne, akapiga fundo jipya, akaweka lenzi sawa na umbali huo. Pale fundo lilipofika akasimamisha tenga tupu. Kisha akamwomba Josepha asimame karibu naye na kurusha utumbo wa samaki juu, usawa wa tenga.

"Na mimi napata nini?"

"Nakupiga picha."

"Mimi mwenyewe, au mkono tu?"

"Wewe, na uso wako wote."

Josepha akakitupa kisu ndani ya ndoo.

Utumbo wa kwanza ulidakwa na kunguru, na kidole cha Evarista kikafyatua kabla hajakikataza. Wa pili ulimtua mwenyewe begani; akashtuka, akapiga picha ya viatu vyake. Wachukuzi wa samaki wakatua matenga yao ili watazame vizuri.

"Dada, usihame hapo," mmoja akasema, "tunakuletea na ngisi."

"Zimebaki mbili," Evarista akamwambia Josepha. "Moja ni yako."

"Basi unayo moja. Simama vizuri."

Josepha akachagua utumbo wa changu, akaupima uzito mkononi, akaurusha. Kiooni kulikuwa na anga, kisha nukta, kisha nukta ikaota mbawa. Haikwenda kulia wala kushoto. Ilikua tu, ikazidi kukua, mpaka manyoya ya ncha za mbawa yakahesabika. Kila kiungo cha Evarista kilitaka kuinama. Akangoja. Makucha yalipofunguka juu ya tenga, akafyatua.

Utumbo haukufika chini.

"Umempata?"

"Sijui, dada."

Juu, mwewe mwingine alikuwa akizunguka, na ndani ya kamera mlikuwa na picha moja. Evarista akamtazama mwewe. Halafu akamtazama Josepha, aliyekwisha kujifunga khanga upya na kusimama mbele ya karai lake, kidevu juu, hapumui. Akamgeukia Josepha, na Josepha alipoachia kicheko, akampiga.

Mchana, mkanda ulipokwisha kusafishwa na kukauka, Mzee Nasor aliupeleka mlangoni kwenye mwanga. Akazipita nyuso nane, akampita kunguru.

"Viatu vya nani hivi?"

"Endelea, mzee."

Akaendelea. Kwenye mkanda cheusi huwa cheupe, lakini mwewe hakuhitaji kutafutwa: mbawa zimetanda, jicho limekaa kali kama limechorwa kwa sindano, makucha yamefunguka. Aliyefuata alikuwa mwanamke anayecheka.

Mzee Nasor akautundika mkanda. Mteja wa kitambulisho alikuwa ameketi akingoja; mzee akaichukua kamba amvutie puani, na vidole vyake vikakwama.

"Mafundo yangu yalikuwa matatu."

"Ndiyo, mzee."

"Hili?"

"La mwewe."

Akalishika kama anayetaka kulifungua, kisha akaliacha lilivyo.

"Jumamosi kuna harusi Ilala," alisema. "Bibi harusi haruki, lakini nenda na kamba yako."